Mcheza Kwao Hutunzwa: Santuri ya Kwanza ya Amaro Freitas



Leo nawaletea habari za santuri moja iliyotoka mbali, katika mji wa Recife, nchi ya Brazili. Ni santuri isiyo na mwimbaji. Ndani yake mna piano, besi na ngoma, na katika baadhi ya nyimbo mna tarumbeta na saksofoni. Jina lake ni Sangue Negro, maana yake Damu Nyeusi. Ilitoka mwaka 2016. Mwenye santuri hiyo ni Amaro Freitas, mpiga piano aliyezaliwa Recife mwaka 1991. Alikuwa basi kijana wa miaka 25 hivi, na hiyo ndiyo santuri yake ya kwanza. Muziki wake ni ule uitwao jazi, ambao watu weusi wa Marekani ndio waliouzaa.

Labda mtaniuliza: Sisi tuna nini na kijana wa Brazili? Nitajibu kwa swali jingine, ambalo nimelisikia mara nyingi tangu vijana wetu walipoanza kupiga vinanda vya umeme kanisani. Wazee huuliza: Mtu akijifunza chombo cha wageni, na muziki wa wageni, je, ni lazima asahau nyumba ya baba yake? Wengine husema ndiyo, na kwa hiyo hawataki kinanda. Wengine husema ndiyo vilevile, lakini wao hawajali. Wanaiga tu kila wanachosikia redioni. Santuri hii inasema hapana. Ndiyo maana nimeona vema tuisikilize pamoja.

Kijana asiye na piano

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Amaro alianza kupiga akiwa na miaka 12, kanisani. Si kanisa katoliki. Ni kanisa la Kiinjili, na baba yake ndiye aliyeongoza wapigaji wa hapo. Baba akamfundisha mwanawe yote aliyoyajua. Haukupita muda mrefu mtoto akampita mwalimu, jambo ambalo baba mwema hulifurahia.

Akapata nafasi katika shule kuu ya muziki ya Pernambuco, ambayo ni shule yenye sifa. Lakini akalazimika kuiacha. Sababu gani? Nauli ya basi. Nyumbani kwao hapakuwa na fedha za kumpeleka shuleni na kumrudisha. Tazameni jambo hilo, ndugu zangu. Akili alikuwa nayo, bidii alikuwa nayo, na mlango wa shule ulikuwa wazi. Kilichokosekana ni senti za njiani. Kila mwalimu anayesoma maneno haya anaweza kuhesabu wanafunzi wake waliokwama pale pale.

Alipokuwa na miaka 15 aliona diski ya video ya Chick Corea, mpiga piano mashuhuri wa Marekani aliyefariki mwaka 2021. Tangu siku hiyo akajua anataka kufanya nini na piano. Lakini piano yenyewe hakuwa nayo! Basi akawa anajizoeza chumbani mwake bila chombo, vidole vikipiga vibao ambavyo havikuwapo, masikio yakisikia sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Alipiga katika arusi za watu, akafanya kazi ya kupokea simu za wateja, apate fedha za kujifunza. Mwishowe akapatana na wenyeji wa nyumba moja ya chakula iliyokuwa na piano: wamruhusu kuingia na kujizoeza kabla wageni hawajafika. Penye nia pana njia, walisema wahenga. Lakini mara nyingi njia yenyewe ni mtu mwingine anayekufungulia mlango.

Alipofikia miaka 22 alikuwa mpiga piano wa kila mara katika baa ya jazi iitwayo Mingus, huko huko Recife. Wakati huo alikutana na Jean Elton, mpiga besi. Wakatafuta mpiga ngoma, wakampata Hugo Medeiros. Hao watatu ndio nguzo za santuri yetu ya leo.

Mji unaochemka

Ukitaka kuielewa santuri hii, lazima ujue kidogo habari za Recife. Ni mji mkuu wa jimbo la Pernambuco, kando ya bahari, upande wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Kila mwaka, siku zile zinazotangulia Jumatano ya Majivu, watu hujaa barabarani kwa sherehe kubwa. Muziki wao wa siku hizo huitwa frevo. Neno hilo limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kuchemka, na kweli watu huchemka kama maji ya ugali. Gazeti moja la Recife lilichapa neno hilo mwaka 1907, na mwaka 2012 UNESCO iliuandika muziki huo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Frevo ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19. Vikundi vya tarumbeta za askari vilikuwa vikipita njiani vikipiga nyimbo za mwendo wa gwaride. Mbele yao walitangulia vijana weusi, hodari wa capoeira, ule mchezo wa kupigana unaofanana na ngoma. Miguu ya hao vijana ikawavuta wapigaji. Gwaride likaanza kukimbia, likaanza kuruka. Hata leo wachezaji wa frevo hushika miavuli midogo ya rangi, wakichuchumaa na kurusha miguu. Na katika muziki wenyewe tarumbeta huuliza, saksofoni hujibu, ngoma ndogo ya kijeshi ikiwahimiza bila kupumzika.

Mnaona? Chombo cha mgeni, wimbo wa mgeni, lakini miguu ya mwenyeji ikaugeuza. Kabla ya Amaro kuzaliwa, mji wake ulikuwa umekwisha kulijibu swali la wazee wetu.

Wafalme wa Kongo katika nchi ya ugeni

Kuna jambo jingine la Recife linalotugusa sisi moja kwa moja. Wengi wenu mmesoma shuleni kwamba mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka 1491. Mwanawe, Afonso wa Kwanza, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 kumlalamikia kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake na kuwauza. Malalamiko yake hayakuizuia biashara ile. Kwa karne tatu na zaidi watu wa Kongo na Angola walipakiwa melini wakapelekwa Brazili, na wengi wakashushwa Pernambuco kulima miwa. Utumwa huko haukukomeshwa na sheria mpaka mwaka 1888.

Katika taabu hiyo watu weusi waliunda vyama vya Bikira Maria wa Rozari. Vyama hivyo viliwazika wafu wao kwa heshima, na mara nyingine vilikusanya fedha ili kumkomboa mwenzao. Tena vilimchagua mfalme na malkia. Huko Recife mfalme huyo aliitwa Mfalme wa Kongo, akavikwa taji katika sherehe ya kanisa, kisha akazungushwa mjini kwa maandamano na ngoma. Fikirini: mtu ambaye Jumatatu ni mali ya bwana fulani, katika siku kuu ya Rozari ni mfalme wa Kongo! Kutokana na maandamano hayo ilizaliwa ngoma iitwayo maracatu, ambayo ingali ikipigwa Recife mpaka leo: mfalme na malkia chini ya mwavuli mkubwa, ngoma nzito nyuma yao, na kengele ya chuma iitwayo gonguê ikiwashika wote katika mapigo mamoja.

Sasa tunaweza kulifahamu jina la santuri. Mtu mmoja aliniambia, «Jina hili si zuri. Damu ya watu wote ni nyekundu. Mungu hakuumba damu nyeusi.» Amesema kweli. Lakini wakati wa utumwa ni wengine walioigawa damu kwa rangi, ili wapate kuiuza. Kijana huyu amelichukua neno ambalo lilikuwa tusi, akaliandika juu ya kazi yake ya kwanza, mahali ambapo wengine huandika jina la uchumba au la maua. Halifai kusomwa kama neno la kuwachukia watu wengine. Ni kama mtoto anayetaja ukoo wake mbele ya wageni kabla hajaanza kusema jambo lake.

Tunasikia nini?

Niliwapa vijana wawili wa kwaya yetu waisikilize santuri hii. Mmoja, ambaye anajua kinanda vizuri, alisikiliza kidogo akaniambia, «Mwalimu, huyu hapigi piano. Anatwanga.»

Nikamwambia, «Mwanangu, umeihukumu vizuri kuliko unavyodhani.» Maana piano, ukiifungua, utaona kwamba ndani mna nyuzi, na kila kibao unachobonyeza kinarusha nyundo ndogo ipige uzi wake. Piano ni zeze kwa nyuzi zake, lakini kwa nyundo zake ni ngoma. Watu wengi huipenda kwa upande wa zeze tu. Amaro anaupenda na upande wa pili. Mkono wake wa kushoto hushika mapigo mafupi na kuyarudia, kama mtu anayepiga ngoma kubwa. Mkono wa kulia huja na mapigo mengine, ambayo hayaanguki pale pale. Na sikio la msikilizaji huhangaika kidogo mpaka linapogundua kwamba yote mawili ni njia moja.

Na kuhusu kutwanga: ninyi mmewaona kina mama watatu wakitwanga katika kinu kimoja. Kila mmoja ana mchi wake. Wote watatu hawapigi kwa wakati mmoja, la sivyo michi itagongana na mtu ataumia. Kila mmoja huingia katika nafasi aliyoachiwa na wenzake. Anayepita njiani husikia wimbo mmoja, ingawa hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga wote. Piano ya Amaro, besi ya Jean Elton na ngoma za Hugo Medeiros ni michi mitatu katika kinu kimoja. Ukitaka kuisikiliza santuri hii vizuri, usimfuate mpiga piano peke yake. Sikiliza wimbo mara moja ukimfuata mwenye besi, kisha mara ya pili ukimfuata mwenye ngoma. Mara ya tatu hutahitaji mtu wa kukuongoza.

Wimbo uitwao «Encruzilhada» jina lake ni Njia Panda, nami sijui jina lililo bora zaidi kwa kazi ya kijana huyu. Ndani yake mna frevo ya barabarani, lakini imeingizwa nyumbani na kuketishwa penye piano. Ile mbio ya kuuliza na kujibu imewekwa katika vidole kumi. Halafu, pale ambapo wachezaji wa barabarani wangeendelea kuruka mpaka kuchoka, wapigaji hawa huanza kubuni papo hapo, jinsi ilivyo desturi ya jazi. Jazi imetoka kaskazini, frevo imetoka mtaani. Zinakutana, na hakuna inayoombwa kupisha nyingine.

Kuna wimbo mwingine uitwao «Subindo o Morro», yaani Kupanda Kilima. Mwenye kuijua Brazili anajua kwamba katika miji mingi vilima ndipo wanapokaa watu maskini. Hivyo kupanda kilima kwa wengi ni kurudi nyumbani jioni baada ya kazi. Kuna «Norte», maana yake Kaskazini. Kuna «Samba de César», unaotukumbusha kwamba kijana wa Recife si mgeni wa samba, ngoma ile ijulikanayo na dunia nzima. Tena kuna «Estudo 0», yaani Zoezi Namba Sifuri. Jina hilo lilinichekesha. Vitabu vya kujifunzia piano huanza na zoezi la kwanza; yeye aliyejizoeza bila piano ana haki ya kuanza na sifuri.

Kasoro zake

Mwenye kuhukumu kazi ya mtu asiseme sifa tu, kwani sifa tupu haimsaidii mtunzi wala msomaji. Mimi naona kasoro mbili.

Ya kwanza ni wingi wa sauti. Kijana amengoja miaka mingi kupata nafasi ya kusema, na sasa anataka kusema yote kwa mara moja. Mahali pengine vidole vinakimbia mahali ambapo kimya kidogo kingetosha. Mzee hodari wa kusimulia hadithi hunyamaza kabla ya neno kubwa, watu wamkaribie. Amaro wa mwaka 2016 alikuwa bado hajauamini ukimya.

Ya pili ni kivuli cha walimu. Mara kwa mara unasikia kwamba mtu huyu amewasikiliza sana wapiga piano wa Marekani, Chick Corea kati yao. Hilo si dhambi. Hakuna ajifunzaye bila kuiga. Lakini katika nyimbo hizi kuna nafasi ambapo unaona mshono: hapa kitambaa cha kwao, hapa kitambaa cha kuazima. Vazi ni zuri, ila uzi unaonekana.

Nasema hivyo bila hofu, kwa sababu mwenyewe ameyarekebisha. Santuri yake ya pili, Rasif, ilitoka mwaka 2018, na jina lake ni lile neno la Kiarabu ambalo ndilo asili ya jina la mji wa Recife. Ya tatu, Sankofa, ilitoka mwaka 2021. Neno hilo ni la Waakani wa Ghana, maana yake ni kurudi nyuma kuchukua ulichokiacha. Mwaka 2024 ikaja Y'Y, jina lililotoka katika lugha ya Wasateré-Mawé, wenyeji wa msitu wa Amazoni, nalo lina maana ya maji au mto. Katika kazi hizo anarudia mapigo machache mpaka yawe na uzito, na anaacha nafasi tupu bila hofu. Hata ameweka vitu juu ya nyuzi za piano ili zitoe sauti za msitu. Ukiisikiliza Y'Y kisha ukarudi kwa Sangue Negro, utaona kwamba mti wote ulikuwa ndani ya mbegu. Mbegu haina kivuli cha kupumzikia, lakini bila hiyo hakuna kivuli.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: Sangue Negro si kazi yake bora, lakini ndiyo inayofaa zaidi kwa kijana anayeanza. Katika kazi zake za baadaye utamshangaa. Katika hii utaona jinsi alivyofanya, kwa sababu uzi ungali ukionekana.

Nasi je?

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na kwaya yake ya wavulana na walimu, walitoa Missa Luba: maneno ya Kilatini ya Misa yakiimbwa kwa sauti na ngoma za watu wa hapa. Dunia nzima ilisikiliza. Je, ilisikiliza kwa sababu watu wa Kamina waliiga Ulaya vizuri? Hasha. Ulaya ina kwaya zake. Ilisikiliza kwa sababu walileta kile ambacho wao tu walikuwa nacho.

Mcheza kwao hutunzwa. Amaro Freitas aliijua jazi ya Marekani, lakini alipopata nafasi ya kwanza ya kusimama mbele ya watu hakujifanya mtu wa New York. Alipiga mapigo ya mtaa wake, na hayo ndiyo yaliyomfikisha hata katika majumba ya muziki ya Ulaya. Vijana wetu wanaopiga kinanda wasiogope kujifunza kila kitu kutoka kwa kila mtu. Lakini wakikaa penye kinanda siku ya Jumapili wajiulize: bibi yangu angekuwa na ngoma mkononi, angepigaje hapa?

Kwetu sisi watu wazima nina neno moja tu. Methali ile husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Yaani kuna mtu wa kumtunza. Kijana yule hakuvuka kwa bidii yake peke yake. Baba alimfundisha. Na watu wa nyumba ile ya chakula, ambao majina yao hayako juu ya santuri, walimfungulia mlango kabla wageni hawajafika, wakamwachia piano iliyokuwa imekaa bure.

Katika parokia nyingi kinanda hufungwa kwa kufuli baada ya Misa ya Jumapili, na kufuli hiyo haifunguliwi mpaka Jumapili nyingine. Twasema tunakitunza. Siku sita kinanda kinanyamaza kabatini, na siku hizo sita mtoto fulani wa parokia anapiga vidole vyake juu ya ukingo wa kitanda. Ufunguo uko mfukoni mwa mmoja wetu.